Dhikri, Pumzi na Utulivu wa Mwili

Tumeulizwa na ndugu zetu wa Likunja, Ruangwa: je, utulivu anaoupata mtu katika dhikri ni athari ya ibada au ni kazi ya mwili tu?

Mtu akifikwa na dhiki, kwa mfano mkulima aliyeangukiwa na bei ya ufuta, mwili wake hujiandaa kama aliyekutana na simba. Adrenalini humiminika katika damu, moyo huenda mbio na pumzi huwa fupi. Akivuta pumzi taratibu, neva itokayo ubongoni hupunguza mwendo wa moyo. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima watu 23 wenye afya, wakisoma rozari kwa Kilatini na pia matamko ya Kibudha. Pumzi zao zilishuka hadi takriban 6 kwa dakika, na mwili ukazidi uwezo wa kusawazisha shinikizo la damu.

Zingatia, ndugu msomaji: hawakuwa wakimdhukuru Allah kwa tauhidi, na mwili ulitulia. Basi wepesi wa kifua peke yake si dalili ya kukubaliwa amali. Tumaanina iliyotajwa katika Suratur-Ra'd, aya ya 28, ni ya nyoyo zilizoamini, wala haina mashine ya kuipima.

Je, anayeleta uradi akitaraji pia nafuu ya mwili, amekosea? Imamu Nawawi katika Minhaj amesahihisha udhu wa aliyenuia pamoja nao kujipoza kwa maji. Kwa kipimo hicho hatuoni ubaya, maadamu nia ya ibada ipo.

Linalotutia wasiwasi ni jingine. Katika baadhi ya halaka za Qadiriyya huku pwani pumzi hutolewa kwa nguvu na kwa haraka. Mjadala wa masheikh juu ya dhikri hiyo ni mrefu, hatuufungui hapa. Lakini ahemaye upesi mno hupoteza hewa ya ukaa katika damu, mishipa ya ubongo husinyaa, naye husikia kizunguzungu na ganzi vidoleni, pengine akaanguka. Vijana wasiharakie kusema kwamba huyo "amefika". Mzee mwenye moyo mgonjwa na akae kitako, alete tahlili polepole, wala asijione amepungukiwa. Na vidonge vyake vya presha aendelee navyo kama alivyoelekezwa na daktari, kwani Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, kama ilivyo katika hadithi ya Usama bin Sharik waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi.