Dhahabu Bila Sayanidi: Njia Zipi Zipo, na Zina Nini kwa Migori

Mchanga uliokwisha kuoshwa kwenye karai bado una dhahabu. Wachimbaji wa Nyatike, Suna na Kuria wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana mchanga huo haumwagwi ovyo bali hurundikwa karibu na kinu ukisubiri mnunuzi mwenye matangi. Mnunuzi huuloweka kwa sayanidi na kupata dhahabu ndogo mno ambayo karai na zebaki haziwezi kuinasa. Sehemu iliyobaki ndani ya mchanga mara nyingi huwa kubwa kuliko ile mchimbaji aliyokwisha kuuza.

Katika machimbo madogo ya Afrika na Asia sasa kunauzwa pia unga unaosemekana kufanya kazi hiyo hiyo bila sayanidi. Baadhi ya njia zisizotumia sayanidi ni za kweli na zinafanya kazi. Nyingine ni maneno ya kwenye gunia tu. Kwa wakazi wanaochota maji mtoni chini ya machimbo, tofauti hiyo si jambo dogo, kwani maji ya Mto Migori na Mto Kuja huishia Ziwa Victoria yakiwa yamepita vijiji vingi.

Dhahabu haishiki kutu na haiyeyuki kwenye maji, na hata asidi ya kawaida haiigusi. Ili itoke kwenye mchanga na kuingia kwenye maji, inahitaji vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni kitu cha kuibandua chembe moja moja, na cha pili ni kitu cha kuishika papo hapo ili isirudi ilikotoka. Kwa sayanidi, kazi ya kwanza hufanywa na oksijeni ya hewa na ya pili hufanywa na sayanidi yenyewe. John Stewart MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest waliisajili mbinu hiyo mjini Glasgow mwaka 1887, na mpaka leo migodi mingi ya dhahabu duniani huitumia. Sababu ni bei. Sayanidi hufanya kazi ikiwa imezimuliwa sana, na dhahabu yake hunaswa kwa urahisi na mkaa maalum.

Ubaya wake unajulikana. Maji ya sayanidi lazima yachanganywe na chokaa ili yasiwe na uchachu, yaani pH ibaki juu ya 10. Chokaa ikipungua, hutoka gesi inayoua kwa dakika chache. Tarehe 30 Januari 2000 bwawa la mabaki lilipasuka karibu na mji wa Baia Mare, Romania, na takriban mita za ujazo 100,000 za maji yenye sayanidi zikaingia mitoni. Samaki walikufa kwa wingi hadi Hungaria, nchi jirani.

Kwa machimbo madogo kuna ubaya mwingine usiotajwa sana. Mchanga unaolowekwa huwa umeshapitia zebaki, na zebaki fulani hubaki ndani yake. Sayanidi huiyeyusha zebaki hiyo pamoja na dhahabu, na ikishayeyuka husafiri na maji kwa wepesi zaidi kuliko ilivyokuwa mwanzo. Sayanidi huvunjika polepole kwa jua na hewa, lakini zebaki haivunjiki. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Kenya ilitia saini mwaka 2013, unaitaja tabia hii ya kuloweka kwa sayanidi mchanga ambao haujaondolewa zebaki kuwa miongoni mwa mazoea mabaya zaidi, yale ambayo nchi zinatakiwa kuyakomesha.

Katika njia zisizo na sayanidi, iliyofika mbali zaidi ni ya thiosulfeti. Wapiga picha wa zamani waliijua kwa jina la "haipo": ndiyo dawa iliyokuwa ikisafisha filamu kwa kuondoa madini ya fedha ambayo hayakupigwa na mwanga. Tangu karne ya 19 ilitumiwa pia kutoa fedha kwenye mawe yaliyochomwa kwanza na chumvi. Kwa dhahabu, mgodi mkubwa wa Goldstrike katika jimbo la Nevada, Marekani, ulianza kuitumia kibiashara mwishoni mwa mwaka 2014. Mgodi huo haukuongozwa na huruma ya mazingira peke yake. Mawe yake yana kaboni ya asili inayoiba dhahabu kutoka kwenye maji ya sayanidi kabla mkaa wa mgodi haujaifikia, ilhali kwenye thiosulfeti kaboni hiyo haiwezi kuiba.

Lakini jambo hilo lina upande wa pili. Ikiwa kaboni ya kwenye mawe haishiki dhahabu ya thiosulfeti, basi hata mkaa wa mchimbaji hautaishika. Inabidi kununua rezini, chembechembe za plastiki zilizotengenezwa maalum, na kujua jinsi ya kuzisafisha ili zitumike tena. Thiosulfeti yenyewe huhitajika kwa wingi kuliko sayanidi, na huharibika ikiachwa muda mrefu. Mapishi mengi huiongezea shaba na amonia ili iharakishe kazi, na amonia ni sumu kwa samaki. Kwa hiyo mtu akisema thiosulfeti haina madhara makubwa, amesema kweli. Akiongeza kwamba maji yake yanaweza kumwagwa mtoni, amekosea.

Njia ya klorini ni ya zamani kuliko sayanidi. Ilitumika migodini kuanzia katikati ya karne ya 19, ikaachwa sayanidi ilipokuja kwa sababu gesi ya klorini huunguza mapafu na huhitaji vyombo visivyoliwa na asidi. Tena haifai pale penye fedha nyingi, kwani klorini huigeuza fedha kuwa chumvi isiyoyeyuka inayobaki kwenye mchanga. Iodini na bromini hufanya kazi vizuri lakini bei yake haimfai mchimbaji mdogo. Thayourea huyeyusha dhahabu na fedha kwa haraka kuliko sayanidi, ila hufanya kazi ndani ya asidi, huharibika upesi, na inashukiwa kusababisha saratani. Mchanganyiko wa asidi ya nitriki na hidrokloriki, unaopendwa na wanaochambua simu na kompyuta kuukuu, hauna nafasi katika boma la mtu. Moshi wake wa kahawia unaweza kuonekana umeisha kumdhuru aliyeuvuta, kisha mapafu yakajaa maji saa kadhaa baadaye.

Njia inayowavutia wengi sasa ni ya glaisini, asidi-amino ndogo kuliko zote, inayopatikana hata ndani ya vyakula. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Curtin mjini Perth, Australia, ndio walioiendeleza. Haina sumu ya kutisha na haipotei hewani. Tatizo lake ni uvivu: kwenye maji baridi huyeyusha dhahabu polepole mno, hivyo huhitaji joto au kemikali ya kuisukuma. Migodini mara nyingi huchanganywa na sayanidi kidogo, hivyo kinachopatikana ni sayanidi iliyopunguzwa, si iliyoondolewa kabisa.

Hapa ndipo Macalder inapoingia. Mgodi wa Macalder uliofungwa mwaka 1966 ulikuwa wa shaba, ukitoa pia dhahabu na fedha. Shaba ni mlafi wa sayanidi: huitumia kabla haijaifikia dhahabu, na mwenye matangi hulazimika kuongeza dozi tena na tena bila kuona faida. Glaisini hushika shaba vizuri, na thiosulfeti hata huitumia shaba kama msaidizi. Kwa mabaki ya aina hiyo, njia hizi mbili zinastahili kupimwa maabara kwa sampuli za huko huko. Matokeo ya Nevada au Australia hayawezi kuhamishiwa Nyatike kwa mdomo, kwa kuwa kila mwamba una tabia yake.

Ipo pia habari ya mwaka 2013, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walipogundua kwa bahati kwamba sukari inayotokana na wanga wa mahindi hunasa dhahabu kutoka kwenye maji. Habari hiyo ilienea sana, na wengine wakadhani unga wa ugali utatosha. Wanga ule huishika dhahabu iliyokwisha kuyeyushwa kwa kemikali nyingine kali. Hauwezi kuitoa kwenye jiwe.

Kwa mchimbaji asiye na maabara, njia iliyo karibu zaidi si ya kuloweka. Wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, wameacha zebaki kwa miongo kadhaa na kutumia boraksi. Huosha mchanga mpaka ubaki ule mzito wenye dhahabu nyingi, huuchanganya na boraksi, kisha huuyeyusha kwa moto mkali. Boraksi huyafanya madini mengine yayeyuke upesi, na dhahabu hutuama chini. Kazi yote iko kwenye uoshaji: mchanga usiposafishwa vya kutosha, boraksi haisaidii. Pia haitoi dhahabu ile laini iliyobaki kwenye marundo. Faida yake kubwa ni kwamba rundo linalobaki halina zebaki, na hata likilowekwa baadaye halizai tatizo la pili.

Kuhusu unga wa magunia, tahadhari inahitajika. Unga ulioandikwa "rafiki wa mazingira" na "hauna sayanidi" umewahi kupimwa katika nchi nyingine na kukutwa na sayanidi ndani yake. Dalili ziko kwenye maelekezo yenyewe. Ikiwa mtumiaji anaambiwa aweke chokaa kwanza, ahakikishe pH ni 10 au zaidi, atumie mkaa ule ule na dozi ile ile ya sayanidi, basi ana sababu ya kuuchukulia unga huo kama sayanidi mpaka maabara iseme vingine. Muuzaji halali anaweza kutoa karatasi ya usalama yenye jina la kemikali, si jina la biashara peke yake. Asiye nayo asinunuliwe. Kamwe unga huo usichanganywe na asidi "kuujaribu", kwa sababu ikiwa una sayanidi, jaribio hilo ndilo litakalotoa gesi ya kuua.

Kisheria, njia yoyote ya kuloweka kwa kemikali, iwe na sayanidi au isiwe nayo, inahusu Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, na inahitaji tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya tangi la kwanza kujengwa. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliweka kamati ya uchimbaji mdogo katika kila kaunti, ambayo hushauri kuhusu vibali vya wachimbaji wadogo. Sheria hiyo inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya pale madini yanapochimbwa. Vikundi vilivyosajiliwa ndivyo vilivyo na nafasi nzuri ya kuomba sampuli zipimwe kabla ya kununua kemikali.

Mkazi anayeona maji yanayotoka kwenye matangi yakielekea mtoni, au samaki na mifugo wakifa karibu na machimbo, aripoti kwa chifu, kwa afisa wa mazingira wa kaunti ndogo au kwa NEMA, na nyama ya mnyama huyo isiliwe wala kuuzwa. Mtu aliyezimia kando ya tangi asifuatwe ndani ya banda lisilo na hewa na mtu asiye na kifaa cha kujikinga. Akishatolewa nje, avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa maji mengi, na asipuliziwe pumzi mdomo kwa mdomo. Apelekwe hospitali mara moja, na gunia au chupa ya kemikali iliyotumika ichukuliwe pamoja naye ili daktari ajue anatibu nini.