Swala na Swaumu ya Msafiri wa Ndege: Mfano wa Perth na Visiwa vya Cocos

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Wako wanaouliza: mtu aliyekaa kitini ndani ya ndege na kufika kwa saa chache bila tabu, je, bado ana ruhusa ya kupunguza Swala? Tuchukue mfano wa Visiwa vya Cocos, vilivyo chini ya Australia katika Bahari ya Hindi. Wakaazi wake wengi ni Waislamu wenye asili ya Kimalay, ambao wazee wao walianza kupelekwa huko mwaka 1826. Kutoka mji wa Perth ni takriban kilomita 2,900, na ndege isiyotua njiani huchukua saa 4 hadi 5 hivi.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, kipimo ni masafa, si muda wala mashaka. Masafa hayo ni farsakh 16, ambazo wanavyuoni wa zama zetu wamezikadiria baina ya kilomita 80 na 90. Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Minhaj kuwa bahari ni kama bara, na kwamba atakayeyakata masafa hayo baharini kwa saa moja atapunguza. Basi wa ndege ni vivyo hivyo. Ama mkaazi wa Home Island anayevuka kwa boti kwenda West Island, uliko uwanja wa ndege, huyo hapunguzi hata bahari ikimchosha, kwani masafa ni kilomita chache tu.

Hata hivyo, ruhusa hii ina mipaka yake:

Kwanza, msafiri hapunguzi mpaka atoke nje ya majengo ya mji wake. Uwanja wa ndege wa Perth umezungukwa na mitaa ya mji, hivyo mkaazi wa Perth akiswali hapo atatimiza rakaa nne.

Pili, atakayenuia kukaa visiwani siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, atatimiza Swala tangu afike. Lakini aliyecheleweshwa na ndege, huku kila siku akitaraji kuondoka, anaweza kupunguza hadi siku 18.

Tatu, aliyepambaukiwa na alfajiri akiwa mjini kwake huku amefunga, hafungui siku hiyo kwa sababu ya safari tu. Na saa za Cocos ziko nyuma ya Perth kwa saa 1 na dakika 30, kwa hiyo mchana wake utarefuka. Asifuturu kwa saa ya mkononi, bali jua lizame pale alipo, hata akiwa angani.

Sayyidna Umar (R.A.) alipouliza sababu ya kupunguza ilhali hofu imeondoka, Mtume (S.A.W.) alimjulisha kuwa hiyo ni sadaka ya Allah, basi na ipokelewe. Tuipokee, ndugu zetu, kwa shukrani na kwa masharti yake.

Wallahu a'lam.