Siku ya Upepo Mwema Baharini

Mnamo mwezi wa Mei 2023, mashua ya matanga iitwayo Malizia-Seaexplorer ilikwenda maili za baharini 641.13, yaani kilomita 1,187 hivi, katika muda wa saa 24. Ilikuwa katika Atlantiki ya Kaskazini, kwenye mbio za kuizunguka dunia ziitwazo The Ocean Race, katika sehemu ya safari itokayo Newport, Marekani, hadi Aarhus, Denmark. Wastani wa mwendo wake ulikuwa karibu kilomita 50 kwa saa, usiku na mchana, pasipo kusukumwa na injini. Mshindani wake, Holcim-PRB, naye aliachwa kwa pungufu ya maili moja tu katika hesabu hiyo.

Katika mbio zichukuazo miezi, siku ya namna hii ni nadra. Mara upepo hukatika, matanga yakalegea na mashua ikasota mahali pamoja. Mara dhoruba huvuma na mawimbi yakaligonga omo hata mtu asiweze kusimama. Kisha hutokea siku moja ambayo upepo ni wa nguvu, nao uso wa maji haujachafuka. Msomaji atajiuliza: yawezekanaje mambo hayo mawili kukutana?

Mbele ya ukingo wa hewa baridi

Wimbi kubwa halizaliwi papo hapo. Ukubwa wake hutegemea mambo matatu: nguvu ya upepo, muda ambao upepo huo umekuwa ukivuma, na urefu wa eneo la bahari lililopitiwa na upepo huo. Katika Atlantiki ya Kaskazini, maeneo ya mgandamizo mdogo wa hewa kwa kawaida husafiri kutoka magharibi kwenda mashariki, yakikokota ukingo wa hewa baridi. Mbele ya ukingo huo huvuma upepo wa kusini-magharibi, wenye nguvu na usiobadilika sana mwelekeo. Mahali ulipofika karibuni, mawimbi yake yangali machanga.

Chombo kiendacho polepole huipata neema hiyo kwa saa chache tu. Ukingo hukipita, upepo hugeuka ghafla ukatoka kaskazini-magharibi, na mawimbi mapya yakapambana na yale ya zamani. Lakini chombo chenye kasi iliyo karibu na ile ya ukingo wenyewe husafiri pamoja nao, kikibaki saa baada ya saa katika ukanda ule ule. Kwa hiyo siku njema huanza kutayarishwa mapema, pale baharia asomapo utabiri wa hali ya hewa uletwao kwa setilaiti na kuchagua mahali pa kuupokea upepo.

Hekima hiyo si ngeni katika mwambao wa Afrika ya Mashariki. Manahodha wa majahazi yaliyotoka Arabuni walikuja kwa Kaskazi na kurejea kwa Kusi. Walakini waliepuka kusafiri katikati ya Kusi, upepo uwapo mkali mno, wakapendelea mwanzo au mwisho wa majira hayo.

Vyaelea, vimeundwa

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mashua ya kawaida yenye urefu wa mita 18, kama hizi za mashindano, hufikia kikomo penye maili 10 hivi za baharini kwa saa. Wimbi ilitengenezalo yenyewe hurefuka kadiri kasi inavyoongezeka, hata mashua ikajikuta katika bonde kati ya vilele viwili, ikihangaika kupanda kilima ilichokifanya.

Ili kuepukana na kifungo hicho, mafundi wameipa mashua mabawa mawili yaliyopinda, yaliyoundwa kwa nyuzi za kaboni, yanayotokeza ubavuni na kuingia majini. Bawa hilo hufanya kazi kama bawa la ndege. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, bawa dogo latosha kuliinua tumbo la mashua. Likishainuliwa, maji hayalizuii tena kama awali. Hata hivyo, bahari ikichafuka, mashua huruka na kuanguka kwa kishindo, na faida ya mabawa hupungua. Ndiyo maana hata chombo bora huhitaji maji tulivu.

Raha na hadhari

Ndani ya mashua hizo wamo mabaharia wanne na mwandishi wa habari mmoja. Usukani kwa kawaida hushikwa na mtambo wa kujiongoza. Upepo usipobadilika, matanga hayahitaji kushughulikiwa kila mara. Basi anayepumzika hupata usingizi, na chakula kilichokaushwa hutiwa maji ya moto bila kumwagika. Raha hiyo huandamana na mvumo mkali wa mabawa, unaowafanya wengi kuziba masikio.

Lakini kasi haina huruma. Mwezi wa Januari 2006, katika mbio hizo hizo, zilizoitwa Volvo Ocean Race wakati huo, mashua ABN AMRO Two iliweka rekodi ya maili 563 kwa saa 24, kati ya Cape Town na Melbourne. Usiku wa tarehe 18 Mei mwaka huo, mashua hiyo ikiwa katika Atlantiki ya Kaskazini, baharia wake Hans Horrevoets alisombwa na maji. Wenzake waliigeuza mashua wakampata, lakini juhudi za kumwokoa hazikufaulu. Baharia mwenye busara, basi, hujifunga mkanda wa usalama hata siku ambayo bahari yaonekana kumpendelea.

Siku yenyewe nayo haidumu. Hatimaye ukingo wa hewa baridi huipita hata mashua iliyo nyepesi kuliko zote, na mabaharia hurudi kwenye matanga.