Zamu katika Foleni za Pakiti: Suala la Kiufundi au la Sera?

Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 12, 2024, intaneti ilizorota Kenya, Tanzania na Uganda. Data ilisongamana katika njia chache zilizobaki. Kiungo kinapoelemewa hivyo, ruta huziweka pakiti katika foleni. Foleni ikijaa, zinazofika hutupwa.

Kanuni ya aliyetangulia kufika ahudumiwe kwanza yaonekana ya haki. Sivyo: anayemimina pakiti nyingi ndiye anayeijaza foleni. Mwaka 1985 John Nagle alipendekeza kila chanzo kiwe na foleni yake, zihudumiwe kwa zamu. Zamu hizo, hata hivyo, zilimpendelea mwenye pakiti kubwa. Mwaka 1989 Demers, Keshav na Shenker wakazingatia pia ukubwa wa pakiti. (Naliteua neno zamu badala ya ratiba: ratiba hutangulia safari, ilhali ruta huamua pakiti zikiwa zimekwisha kufika.)

Tuchukulie kuwa Kudha nzima inategemea kiungo kimoja chembamba cha redio kwenda Kismayo. Mmoja anapakua filamu. Simu ya mkunga anayemwuliza daktari inakatikakatika, ijapokuwa sauti huhitaji sehemu ndogo tu ya kiungo. Foleni ya kipaumbele ingeitanguliza sauti. Lakini kipaumbele kisicho na kikomo chaweza kuzinyima foleni nyingine huduma kabisa, na kikomo hicho huwekwa na fundi katika mipangilio ya ruta. Mbinu hizi haziongezi upana wa kiungo. Huamua nani angoje. Mshauri wa sera anayepitia leseni ya mtoa huduma hana budi kuuliza sauti imetengewa kiasi gani, na kwa idhini ya nani.