Soriasisi Haiishii Kwenye Ngozi

Leo tutazungumza juu ya ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi, na jinsi unavyofuatana na kitambi, shinikizo la damu na ugonjwa wa sukari. Huenda unajiuliza, ngozi na sukari zina uhusiano gani? Hilo ni swali zuri, na ndilo tutakalojibu.

Soriasisi ni nini?

Kwa kawaida ngozi ya binadamu hujibadilisha polepole. Chembe mpya huzaliwa chini, hupanda juu, na kupukutika baada ya karibu mwezi mmoja. Kwa mtu mwenye soriasisi, kinga ya mwili, yaani wale askari wanaotulinda na magonjwa, hukosea na kuifanya ngozi iote haraka mno. Kazi ya mwezi mzima hufanyika kwa siku chache tu. Chembe hurundikana na kuwa mabaka mazito yenye magamba meupe yanayong'aa kama fedha.

Mabaka haya hupenda viwiko, magoti, kichwa na sehemu ya chini ya mgongo. Kwenye ngozi nyeusi yanaweza kuonekana ya zambarau, ya kijivu au ya kahawia iliyokolea. Kucha zaweza kuwa na vishimo vidogo vidogo, na baadhi ya wagonjwa huumwa na viungo na kuamka asubuhi wakiwa wamekakamaa.

Wengi hudhani ni mashilingi au ukurutu, wakanunua dawa mwaka baada ya mwaka bila kupona. Wengine husema mtu amerogwa. Huo si ukweli. Soriasisi haiambukizi. Huwezi kuipata kwa kusalimiana, kula sahani moja, kulala kitanda kimoja wala kwa kunyonya. Mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio juu ya ugonjwa huu, zikakiri kwamba ni wa kudumu, hauambukizi, na kwamba wagonjwa wanateseka kwa kutengwa.

Matatizo matano yanayotembea pamoja

Sasa tuangalie upande wa pili. Madaktari wana jina la mkusanyiko wa matatizo fulani mwilini: sindromu ya kimetaboliki. Usitishwe na jina. Maana yake ni kwamba mwili umeshindwa kutumia vizuri chakula, sukari na mafuta. Mtu huhesabiwa kuwa nayo akiwa na matatu kati ya haya matano:

1. Kiuno kipana. Kwa mwanamke ni sentimita 80 au zaidi, yaani karibu inchi 31 na nusu. Kwa mwanamume ni sentimita 94 au zaidi.
2. Shinikizo la damu la 130 kwa 85 au zaidi. Kufikia namba moja kati ya hizo mbili kunatosha.
3. Sukari ya damu ya 5.6 au zaidi, ikipimwa asubuhi kabla ya kula.
4. Mafuta mengi katika damu, yale yaitwayo trigliseridi.
5. Upungufu wa ile kolesteroli nzuri inayolinda mishipa.

Mtu anayetumia dawa za mojawapo ya matatizo hayo huhesabiwa kuwa nalo hata kama vipimo vyake vimeshuka. Kila moja peke yake laweza kuonekana dogo. Yakikutana, huufungulia mlango ugonjwa wa sukari, kiharusi na mshtuko wa moyo.

Yanaunganaje na soriasisi?

Mama, soriasisi ni kama moto. Yale mabaka unayoyaona ni moshi unaotoka nje. Moto wenyewe uko ndani, kwa sababu kemikali za kinga zinazochoma ngozi huzunguka pia katika damu. Huko hukwaruza mishipa na kuizuia insulini isifanye kazi yake ya kuingiza sukari kwenye chembe za mwili. Nayo mafuta ya tumboni hayakai kimya. Hutoa kemikali za aina hiyo hiyo na kuuongezea moto kuni. Basi soriasisi husukuma kitambi na sukari, na kitambi nacho huchochea soriasisi.

Utafiti kutoka nchi mbalimbali, ulipokusanywa pamoja mwaka 2013, ulionyesha kwamba watu wenye soriasisi huelekea kuwa na mkusanyiko huu takriban mara mbili zaidi ya wengine. Hatari huongezeka kadiri mabaka yanavyoenea mwilini.

Kuna na sababu ya kimaisha. Mama mwenye mabaka huona aibu. Haendi kanisani wala msikitini, haendi chamani, hatembei sokoni. Huvaa mikono mirefu hata kwenye jua kali na kujifungia nyumbani. Hatembei, uzito unapanda, mawazo yanamlemea, na ngozi inazidi kuchachamaa. Kwa hiyo tukimtenga mgonjwa tunamwongezea ugonjwa.

Hapa kwetu Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu wanawake 4 kati ya 10 walikuwa na uzito kupita kiasi. Zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo la damu, na karibu 9 kati ya 10 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Magonjwa haya hayapigi hodi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ufanye nini?

Kwanza, pima kiuno chako, isipokuwa kama una mimba. Tumia futi ya fundi wa nguo. Simama wima, pumua kawaida, na uizungushe katikati ya mbavu za chini na mfupa wa nyonga. Usivute tumbo ndani. Hapa hakuna wa kudanganya ila nafsi yako.

Pili, ukiwa na soriasisi, usiombe dawa ya kupaka tu ukifika kwenye zahanati au kituo cha afya. Sema, "Daktari, naomba pia nipimwe shinikizo, sukari na mafuta ya damu." Tangu mwaka 2023 wahudumu wengi wa afya wa vijijini wamepewa mikoba yenye mashine ya shinikizo na ya sukari. Muulize wa kwenu. Kupima VVU pia ni vyema, kwa kuwa soriasisi inayoanza ghafla au kuzidi sana huweza kuwa dalili.

Tatu, punguza uzito polepole. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 nchini Italia uliwafuata wagonjwa 303 wenye uzito mkubwa kwa wiki 20. Ukali wa ugonjwa ulipungua kwa karibu nusu kwa waliosaidiwa kubadili chakula na kufanya mazoezi, na kwa karibu robo tu kwa waliopewa maelezo peke yake. Si lazima ununue vyakula vya bei. Jaza nusu ya sahani sukuma wiki, terere, managu au kabichi. Ongeza maharagwe, ndengu, omena au samaki. Punguza ugali uwe robo ya sahani. Soda, mandazi, chipsi na sukari nyingi kwenye chai viwe vya nadra. Tembea kwa haraka nusu saa kwa siku, walau siku tano kwa wiki. Sigara na pombe ni petroli kwa moto huu.

Nne, jihadhari na dawa. Usinunue krimu kali sokoni wala kumeza vidonge vya steroidi bila daktari, maana ukiviacha ghafla soriasisi yaweza kulipuka mwili mzima. Usiache dawa zako za shinikizo au sukari kwa sababu ya ngozi. Mweleze daktari kwanza. Na dawa iitwayo methotreksati haifai kabisa kwa mama mjamzito, anayenyonyesha au anayetarajia kushika mimba. Paka ngozi mafuta mazito yasiyo na manukato kila ukitoka kuoga, na usiisugue kwa jiwe, kwa maana ngozi iliyojeruhiwa huota mabaka mapya.

Na watoto je?

Watoto nao hupata soriasisi. Wakati mwingine hutokea kama vidoa vingi vidogo wiki chache baada ya mtoto kuumwa koo. Mpeleke hospitali, na ueleze juu ya lile koo. Angalia uzito wake mapema, lakini usimwaibishe. Zungumza na mwalimu wake ili wenzake wajue kwamba haambukizi.

Mpendwa mama, soriasisi haina dawa ya kuimaliza kabisa, lakini hutulizwa. Shinikizo na sukari pia hudhibitiwa zikigunduliwa mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wiki hii chukua futi, pima kiuno, kisha nenda ukapimwe shinikizo na sukari. Na ukimwona jirani mwenye mabaka, mpe mkono umsalimie.