Hofu ya Mvua na Tiba Yake

Usiku wa tarehe 9 Mei, 2018, bwawa la Patel huko Solai lilipasuka, likaua watu zaidi ya 40. Aliyeyaona maji yale aweza kushtuka kila mvua inyeshapo: moyo humwenda mbio, hapati usingizi, hata shamba la bondeni huliacha likawa pori. Huo si wazimu.

Mshauri wa hospitali humsikiliza kwanza, kisha humfundisha kuvuta pumzi polepole na kuyapima mawazo yake. Halafu humrudisha shambani kidogo kidogo (mahali pakiwa salama, bila shaka): leo afike uani, juma lijalo mtaroni. Akikimbia kila mara hofu huzidi. Akikaa mpaka itulie, mwili huzoea. Kazi hii yataka majuma kadhaa. Ulizeni katika zahanati iliyo karibu.