Picha ya simu nayo husafishwa

Huenda jambo hili limekwisha kukutokea. Umeshika simu ya kupangusa. Umebonyeza kupiga picha. Mlio umelia. Unafungua kuitazama picha, unakuta ina ukungu. Pengine kiduara kidogo kinazunguka juu ya kioo. Baada ya muda mfupi picha inabadilika yenyewe, inakuwa safi. Je, simu yako ni mbovu? Hapana. Simu yako iko kazini.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mihogo, mahindi na mchicha, siyo simu. Lakini siku hizi wakulima wengi wa hapa Wazo hunitumia picha ya jani linaloumwa kabla sijafika shambani. Nimelazimika kujifunza habari hii, kwa sababu picha moja ilinidanganya.

Mihogo ya mama mmoja

Mama mmoja ana kishamba cha mihogo nyuma ya nyumba yake, njia ya Madale. Jioni moja alinipigia simu. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Mihogo yangu ina majani ya njano huku chini. Jirani ananiomba mbegu. Nimpe?"

Nilimwomba anitumie picha. Giza lilikuwa linaingia. Alichuma jani, akaingia nalo ndani, akalipiga picha chini ya taa. Simu ilipolia tu, akashusha mkono. Kisha akanitumia picha ile.

Niliona jani la kijani, laini, zuri kuliko jani lenyewe. Nikamjibu kwamba majani ya chini huzeeka, hakuna neno. Nilikosea. Jirani alichukua pingili akapanda mistari mitatu.

Ugonjwa ule ulikuwa michirizi ya kahawia. Ugonjwa huu unajulikana kwa wataalamu tangu mwaka 1936, ulipoelezwa kutoka kituo cha utafiti cha Amani, mkoani Tanga. Una hila. Batobato huonekana kwa urahisi, kwa sababu jani hujikunja na kuwa dogo. Michirizi ya kahawia haikunji jani. Huacha mabaka hafifu ya njano kando ya mishipa ya majani yaliyokomaa. Mmea unaweza kuonekana mzima, kumbe ndani ya muhogo kuna madoa makavu ya kahawia yasiyolika. Na ugonjwa husafiri ndani ya pingili unazompa jirani. Ndiyo maana mabaka yale hafifu ni jambo kubwa. Na mabaka hafifu ndiyo kitu cha kwanza kupotea katika picha iliyopigwa vibaya.

Simu hufanya nini?

Wewe mkazi wa Wazo unakijua kiwanda cha saruji, kilichoanza kutoa saruji mwaka 1966. Unajua kwamba jiwe la chokaa likitoka mlimani si saruji bado. Husagwa, huchanganywa na udongo, huchomwa katika tanuri lenye moto mkali sana, kisha husagwa tena pamoja na jasi. Ndipo hutiwa mfukoni. Picha ya simu ni hivyo hivyo. Unapobonyeza, simu imechimba jiwe tu. Saruji bado.

Nyuma ya lenzi kuna kipande kidogo chembamba kinachopokea mwanga. Katika simu nyingi ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Juu yake kuna vishimo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Simu ya kawaida huwa na vishimo milioni 12 au zaidi. Fikiri umepanga makopo uani kukinga mvua. Mvua ikikatika, unapima kila kopo lina maji kiasi gani. Vishimo hukinga mwanga kwa namna hiyo, na simu hupima.

Lakini kopo haliwezi kukueleza rangi ya maji. Kwa hiyo kila kishimo kimefunikwa kioo cha rangi moja tu. Nusu ya vishimo vina kijani, robo vina nyekundu, robo vina buluu. Mpango huu ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak ya Marekani, akapewa hataza mwaka 1976, na mpaka leo simu nyingi huufuata. Maana yake ni kwamba kila kishimo kinajua rangi moja, na mbili hakizijui. Simu hukadiria zile mbili kwa kuangalia vishimo vya jirani. Hufanya hesabu hiyo mara milioni 12, kwa picha moja tu! Sisi tukihesabu kaya za mtaa mmoja tunamaliza siku nzima.

Kazi haijaisha. Mwanga ukiwa mdogo, vishimo hupata matone machache, na vipimo huyumba. Picha hujaa chenga, kama zile za televisheni isiyoshika vizuri. Simu ina dawa yake. Hupiga picha nyingi haraka haraka, badala ya moja. Kisha huzilaza moja juu ya nyingine, huzisogeza zilingane kwa kuwa mkono wako umetikisika, na kuzifanya kuwa picha moja. Ni kama kupima gunia mara kadhaa katika mizani inayoyumba, ukachukua wastani. Google walianza kuweka njia hiyo katika simu zao mwaka 2013. Mwaka 2019 kampuni ya Apple ilieleza kwamba simu yao mpya huunganisha picha tisa kuwa moja. Katika hizo tisa, nane zimekwisha kupigwa kabla hujabonyeza. Simu hukutazamia, inangoja tu kidole chako.

Kisha simu hurekebisha rangi, maana taa ya ndani ina njano na kivuli kina buluu. Hupunguza chenga zilizobaki. Hukoleza kingo za vitu. Mwisho huifungasha picha ili isile nafasi. MB unazijua, kwa sababu unazinunua kwenye bando. Picha ghafi ya vishimo milioni 12 huweza kufika MB 15 au kuzidi. Ikishafungashwa hubaki MB chache tu, kisha huwekwa ghalani. Ile uliyoiona mwanzoni ilikuwa sampuli ya haraka, ili usidhani umekosa.

Simu ya bei ndogo huchukua muda mrefu zaidi kwa sababu ubongo wake ni mdogo. Simu iliyojaa picha na video, au iliyopata joto kali juani, nayo huchelewa.

Tusilalamike sana. Zamani filamu ilisafishwa kwa dawa gizani, na mpiga picha wa studio alikuambia urudi siku nyingine. Kamera ya kwanza ya kidijiti ilitengenezwa na Steven Sasson wa Kodak mwaka 1975. Ilitumia sekunde 23 kuweka picha moja katika kaseti, na picha yenyewe haikuwa na rangi.

Sasa turudi kwa yule mama

Taa yake ilikuwa hafifu, basi simu ilikuwa ikikusanya picha nyingi. Aliposhusha mkono mapema, picha za mwisho hazikulingana na za kwanza. Hapo mistari myembamba hupotea. Tena simu, katika kuondoa chenga, ililainisha jani. Simu haijui michirizi ya kahawia. Madoa madogo hafifu kwake ni uchafu. Na simu yake ilikuwa imewashwa ile sehemu ya kurembesha sura, ambayo kazi yake ni kufuta madoa ya uso. Uso wa harusini sawa. Jani la muhogo hapana.

Ukimpigia picha bwana shamba au bibi shamba wako, toka nje asubuhi au jioni kabla jua halijazama, mahali penye kivuli chenye mwanga. Zima kurembesha. Futa lenzi kwa kitambaa laini. Shika simu kwa mikono miwili, viwiko vikiwa vimegusa mbavu. Baada ya mlio, hesabu moja, mbili, tatu ndipo ushushe. Kiduara kikizunguka, usiifunge kamera. Ikuze picha uone kama mabaka unayoyaona kwa macho yamo. Kama hayamo, piga tena. Unapotuma kwa WhatsApp chagua HD, kwa sababu njiani nako picha hupunguzwa.

Jirani zetu wa Bagamoyo walionyesha kwamba picha nzuri inafaa sana. Katika mashamba ya majaribio ya taasisi ya IITA huko, watafiti walipiga maelfu ya picha za majani ya mihogo. Mwaka 2017 walitangaza kwamba kompyuta iliyofundishwa kwa picha hizo iliweza kutambua magonjwa. Baadaye ikaja programu ya simu iitwayo Nuru, inayofanya kazi hata pasipo intaneti. Lakini Nuru nayo hutazama kwa kamera ile ile ya simu yako.

Nilikwenda kwa yule mama asubuhi ya siku ya tatu. Tulipiga picha ya jani lile lile nje, kwa utulivu. Mabaka yalionekana wazi. Tukang'oa shina moja na kukata muhogo. Madoa ya kahawia yalikuwa yamejaa. Tulikwenda pamoja kwa jirani, naye hakutukaripia. Aling'oa mistari yake mitatu siku ile ile, akaichoma, na msimu uliofuata akapanda Kiroba, aina inayovumilia ugonjwa huo.

Yule mama sasa hunitumia picha tatu kila mara: ya jani, ya shina na ya muhogo uliokatwa. Wiki iliyopita alituma ya nne. Ilikuwa ya mjukuu wake, amerembeshwa.